Nikahi ya Haki na Karatasi ya Uwongo

 

Katika darsa yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa liliulizwa suali ambalo usiku ule sikulijibu. Muulizaji ni kijana wa mtaani kwetu. Nduguye ni raia wa Marekani, naye amemuoa binti wa hapa Mombasa kwa nikahi sahihi: walii alikuwapo, mashahidi wawili walikuwapo, na mahari yalitolewa. Sasa wataka kumpeleka mke kwa mumewe, na katika kuzitengeneza karatasi za safari hiyo wameshauriwa na wajuzi wa barazani waandike mambo mawili yasiyo kweli. La kwanza, mume aliwahi kuoa zamani, akazaa mtoto mmoja, akaacha kwa talaka ya mdomo isiyoandikwa popote. Wameambiwa waseme kwamba hajapata kuoa. La pili, watafute mtu mzima mwenye heshima aandike kwamba amewajua wawili hawa kwa muda wa miaka mitatu, na hali arusi haijatimiza mwaka, na kabla ya posa hawakuwa wakijuana.

Kijana akauliza: "Sheikh, maadamu nikahi ni ya haki mbele ya Mungu, uwongo mdogo wa karatasi, tena karatasi ya Serikali isiyo ya Kiislamu, una dhambi gani?"

Waliohudhuria waligawanyika. Mmoja alisema ni haramu. Mwengine akasema ni dharura. Wa tatu akacheka, akasema kila mtu afanya hivyo. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nitakayoitaja mbele. Leo nataka kulijibu suali hili kwa utaratibu, kwani naona si la nyumba moja.

Kwanza yafaa msomaji aijue kazi yenyewe ilivyo, maana hapana hukumu ya kitu ila baada ya kukifahamu. Mume aliye raia wa Marekani, au aliye mkaazi wa kudumu kule, ndiye aanzaye. Hujaza fomu iitwayo I-130 ya kumwombea mkewe, akaipeleka kwa idara ya uhamiaji ya nchi ile pamoja na cheti cha ndoa, na vyeti vya kuonyesha kwamba ndoa zote zilizotangulia, za mume na za mke, zimekoma, na ushahidi kwamba ndoa hii ni ya kweli. Ombi likikubaliwa, mke naye hujaza fomu yake, na mume hutia saini hati ya udhamini iitwayo I-864. Kisha mke hutafuta cheti cha polisi cha mwenendo mwema, hupimwa na daktari aliyeteuliwa, na mwisho huenda Nairobi kuhojiwa Ubalozini. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu hutakiwa ifasiriwe kwa Kiingereza, na mfasiri atie saini kwamba aijua lugha na kwamba tafsiri yake ni kamili.

Tazameni, ndugu zangu, saini zilivyo nyingi! Mume hutia saini chini ya maneno yasemayo kwamba yote aliyoyaeleza ni kweli, na kwamba akisema uwongo amejiweka chini ya adhabu ya mwenye kushuhudia zuri. Mke hutia saini. Mdhamini hutia saini. Mfasiri hutia saini. Mwenye kuandika barua ya kuwajua maharusi huapa na kutia saini, akataja jina lake, makazi yake, tarehe na mahali alipozaliwa, na namna alivyopata kuyajua ayasemayo. Basi kitu hiki, ijapokuwa twakiita fomu, ni ushahidi tangu ukurasa wa mwanzo hata wa mwisho. Na sisi tulisoma chuoni, kabla hatujaota ndevu, kwamba ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipoyahesabu madhambi hayo alikuwa ameegemea, akainuka akaketi alipofika kwenye hili, akalikariri hata waliokuwapo wakatamani lau angenyamaza.

Wako wanaosema: "Hayo ni ya ushahidi baina yetu. Hii ni karatasi ya watu wengine." Hii ni shubuha ya kwanza, nayo ni dhaifu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni: ndani yake mwandishi aamrishwa uadilifu, na shahidi akatazwa kukataa anapoitwa. Dini iliyoipa kalamu cheo hicho, je, yaweza kusema kwamba kalamu ni mchezo ikishikwa mbele ya afisa asiye Muislamu?

Tena tuikumbuke sulhu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Mtume aliandikiana na Makureshi, nao walikuwa washirikina na maadui waliomtoa kwake. Katika masharti yao, mtu atakayekimbia Makka bila ya idhini ya walii wake arudishwe. Hapo hapo akatokea Abu Jandal, naye ni mwana wa yule yule Suhayl bin Amr aliyekuja kuandikiana kwa niaba ya Makureshi, akijikokota katika minyororo, akiwaomba Waislamu wamwokoe. Mtume akamrudisha. Je, palikuwa na dharura kubwa kuliko ya Muislamu aliyefungwa pingu kwa ajili ya dini yake? Na juu ya hayo mapatano hayakuvunjwa. Na mafakihi wetu, akiwamo Imamu Shafi, wamesema wazi kwamba Muislamu aingiaye nchi ya wengine kwa amani waliyompa, haimjuzii kuwafanyia khiyana. Viza ni nini basi, ikiwa si amani ya zama hizi? Mtu aipatae amani kwa uwongo amefanya khiyana kabla hajakanyaga nchi.

Shubuha ya pili ni ya wale waliovuka mpaka zaidi, nao ni wenye kufanya iitwayo "nikahi ya karatasi". Mume hamtaki mke, wala mke hamtaki mume. Fedha hutolewa, picha hupigwa, cheti hupatikana, na kila mmoja hungoja siku ya kuachana. Suali la kijana wetu si la namna hii, lakini nalitaja kwa sababu milango miwili hii yaelekeana.

Sheria ya Marekani imelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1986 walipitisha sheria mahsusi ya kuzuia hila za ndoa. Kwa hiyo mke aingiaye nchini hali ndoa yake haijatimia miaka 2, hupewa ukaazi wa sharti wa miaka 2, na katika siku 90 za mwisho wa muda huo mume na mke huomba pamoja sharti liondolewe, wakionyesha kwamba bado ni mume na mke kweli. Na mke aliyeolewa kwa nia njema, kisha akadhulumiwa na mumewe au ndoa ikavunjika, sheria imemwekea mlango wa kuomba peke yake. Mwenye kuingia katika ndoa kwa makusudi ya kuikwepa sheria ya uhamiaji aweza kufungwa hata miaka 5 na kutozwa hata dola 250,000. Na mgeni aliyewahi kufanya ndoa ya namna hiyo hakubaliwi tena ombi la kuletwa na ndugu wala na mume, hata kama ndoa yake ya baadaye ni ya kweli.

Lakini mimi sitaki Muislamu aiwache haramu kwa kuogopa jela. Nataka aijue sharia yake. Mtume amesema kwamba yako mambo matatu ambayo uhakika wake ni uhakika na mzaha wake ni uhakika pia: nikahi, na talaka, na kumrejea mke. Basi hapana katika Uislamu kitu kiitwacho nikahi ya karatasi! Ikiwa walii ameozesha, na mume amekubali, na mashahidi wamesikia, na haikutajwa muda, basi bibi huyo ni mke. Ana mahari, ana nafaka, ana urithi. Na akiachwa baada ya kuingiliwa, ana eda. Wala haolewi na mwengine hata aachwe. Na ikiwa muda ulitajwa katika akidi, ikasemwa "mpaka utakapopata karatasi", nikahi hiyo ni batili kwetu. Ama akiuficha muda moyoni tu, wengi katika maulamaa wamesema akidi yasihi kwa dhahiri yake, na katika madhehebu yetu ni jambo la kuchukiza, na Imamu Awzai amesema ni katika mut'a. Lakini hata anayeshika kauli nyepesi kuliko zote, hapati humo ruhusa ya kumhadaa bibi wa watu.

Na kubaya zaidi ni "talaka ya karatasi". Nimesikia khabari za mume mwenye wake wawili, na nchi ile haimtambui mke wa pili kuwa ni mke wala haimpokei mtu aendaye kuishi kwa ndoa ya wake wengi. Basi humpeleka mke wa kwanza mbele ya Kadhi, akatamka talaka, wakapewa cheti, kisha wakarudi nyumbani wakalala kitanda kimoja, wakisema: "Ile ilikuwa ya Wazungu." La, bwana! Ile ilikuwa ya Mungu. Umeitamka, imepita. Ikiwa hukumrejea katika eda, basi unakaa na mwanamke asiye mkeo, na watoto wako wanakua katika nyumba hiyo.

Sasa twarudi kwa kijana wetu, ambaye nikahi ya nduguye ni ya haki. Yeye ana shubuha ya tatu, nayo ndiyo iliyo nzito, kwa kuwa ina sura ya rehema: uwongo wa kuisaidia kweli. Hii ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu usiku ule. Maana uwongo huo niliwahi kuusema mimi.

Ilikuwa miaka mingi nyuma, nilipokuwa nimeanza tu kusalisha. Alinijia baba wa binti mmoja, mtu mwema, akaniomba barua ya kuwasaidia maharusi. Niliifunga nikahi yao mwenyewe. Niliona furaha ya nyumba ile, nikala biriani yao. Lakini kabla ya siku hiyo sikuwa nikimjua binti wala mume. Baba akaniambia: "Andika, Sheikh, kwamba wawajua kwa miaka mitatu, na kwamba ukiingia na kutoka nyumbani. Itatiwa nguvu zaidi." Nikaona ni ihsani. Nikaandika, nikatia saini, nikagonga muhuri wa msikiti.

Binti alipohojiwa, aliulizwa juu ya Sheikh aliyeiandika barua ile: alimjua tangu lini? Naye akajibu kama ilivyokuwa, kwamba mara ya kwanza kuniona ni siku ya nikahi. Hakujua nilichokiandika, wala hapana aliyemwambia aseme uwongo; alisema kweli tu. Basi barua yangu ikawa shahidi dhidi yake. Afisa, kwa kuwa aliona uwongo mmoja, akaitilia shaka arusi nzima, na picha zake, na cheti chake. Ombi halikupita. Zikafuata barua za kwenda na kurudi, na miaka ikapita, mume kule na mke huku, hata nyoyo zikapoa, wakaachana.

Nilikwenda kumtaka radhi yule baba. Hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Mwanangu hakukosa, Sheikh, ila kusema kweli." Neno hilo lingali likinichoma. Ndoa ile ilikuwa ya kweli, haikuhitaji kitu kwangu. Lau ningeandika kwamba niliwajua siku ya nikahi, na kwamba nilishuhudia walii akiozesha na mahari yakitolewa, ingetosha, na ingekuwa na nguvu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Uwongo wangu haukuitia nguvu kweli yao, uliitia doa. Hii ndiyo dhuluma ya uwongo wa rehema: mwenye kuusema haadhibiwi yeye, huadhibiwa aliyetaka kumsaidia.

Basi, ewe kijana, hilo ndilo jawabu la barua ya miaka mitatu. Mwenye kutakiwa ashuhudie na aseme alichokiona, hata kikiwa kidogo.

Ama la mke wa kwanza ni kubwa kuliko hilo. Mume akiandika kwamba hajapata kuoa, adhani amefuta mstari katika karatasi. Kwa hakika amemfuta mtu. Mwanamke yule alimkubali mbele ya mashahidi, akakaa kwake, akamzalia. Kumwandika kwamba hakuwapo ni kumfanya mwanamke aliyekuwa halali kana kwamba alikuwa hawara, na mtoto kana kwamba hana baba. Na sote twajua makamio makali yaliyokuja juu ya mtu amkanaye mwanawe hali akimjua. Sidhani kwamba makamio hayo humwacha mtu kwa sababu aliikana damu yake kwa kalamu wala si kwa ulimi.

Na hata kwa hisabu ya dunia, jambo hili ni hasara. Mwenye kupata au kutaka kupata viza kwa kusema uwongo juu ya jambo la msingi, sheria yao yaweza kumfungia mlango daima. Na mtoto aliyefichwa leo, baba akitaka kumpeleka kesho, ataulizwa: huyu ametoka wapi, na hali ulisema huna mtoto? Basi kwa haraka ya kumpeleka mke, amemfungia mlango mwanawe mwenyewe. Je, hii ni akili?

Njia ipo. Talaka ya mdomo isiyoandikwa yaweza kupelekwa mbele ya Kadhi, aliyeacha na aliyeachwa wakaeleza, na waliosikia wakashuhudia, ikathibitishwa na kuandikwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa Makadhi madaraka ya kuhukumu mambo ya ndoa na talaka baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao. Kazi hii yachukua muda na yataka fedha kidogo, na kwa mume yataka pia ujasiri wa kumkabili mke aliyemwacha, na pengine kumlipa nafaka ya mtoto aliyoisahau. Nadhani hapo ndipo penye uzito, wala si katika karatasi. Wengi twasema "fomu ni ngumu", na kilicho kigumu ni deni la zamani ambalo fomu imelifukua.

Hapa pana jambo ambalo nataka ndugu zangu walitie moyoni. Mara nyingi zile karatasi hazitaki kwetu ila yale ambayo sharia imetuwajibisha zamani. Waulizwa ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Ushahidi huo ni nini? Ni cheti cha ndoa; na sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka ndoa zetu ziandikishwe kama za wengine. Ni risiti za fedha za matumizi alizoletewa mke mwezi kwa mwezi. Na hiyo ni nafaka. Ni tikiti za mume kuja kumtazama mkewe. Na hiyo ni haki yake ya kuingiliwa na kukaa naye. Ni barua, na maongezi ya simu, na picha za jamaa wa pande mbili walipokutana. Na hayo ni wema wa kuishi na kutangaza nikahi tulikoamrishwa. Hapana anayeombwa picha za kuvunja haya. Mume aliyetimiza wajibu wake hana haja ya kutunga ushahidi: ushahidi wake umekwisha kumea nyumbani, hana la kufanya ila kuuvuna. Na mume asiyeleta nafaka, asiyekuja, asiyeuliza hali, huyo ndiye ahangaikaye usiku kutafuta mashahidi wa kukodi.

Basi mwenye kutaka kuoa na kumpeleka mkewe, na aanze siku ya posa. Amwambie walii ukweli: je, yeye ni raia, au ni mkaazi wa kudumu tu? Maana hesabu ni mbili. Mke wa raia hana kikomo cha idadi kwa mwaka, hungojea kazi ya maafisa tu. Mke wa mkaazi yuko katika fungu lenye kikomo, naye hungoja zamu yake hata ifike. Kumficha binti jambo hili ni ghushi katika nikahi. Sayyidna Umar aliwawekea askari wake muda wa kuwa mbali na wake zao, miezi minne au sita kwa mapokezi, baada ya kusikia malalamiko ya mke mmoja usiku. Basi vipi sisi tutamwoza binti, tukamwacha miaka, bila ya kumwambia mapema na kumtaka ridhaa yake?

Kadhalika ajihadhari na nikahi ya wakala, ambayo mume yuko kule na akidi iko huku. Kwetu wakala wajuzu, lakini sheria ya Marekani haimtambui mke ambaye yeye na mumewe hawakuwapo pamoja mahali pa akidi, mpaka wakutane baada yake kukutana kwa mume na mke. Basi ni afadhali mume asafiri aoe kwa mwili wake. Na ikiwa ameoa kwa wakala, asidai kwamba alikuwapo. Aje amwingilie mkewe, kisha aeleze kama ilivyokuwa.

Na ile hati ya udhamini, I-864, mume asiitie saini kama atiavyo saini ya mzigo wa bandarini. Ndani yake ajifunga kumwangalia mke huyu, na kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kipimo cha umasikini cha nchi ile kwa idadi ya watu wa nyumba yake. Na ahadi hiyo haikomi kwa talaka. Yadumu mpaka mke apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, nazo ni kadiri ya miaka 10, au auache ukaazi wake na kuondoka, au mmoja wao afe. Na ikiwa kipato hakitoshi, mume hutafuta rafiki amdhamini pamoja naye, akamwambia: "Ni saini tu." Huku ni kumhadaa. Sote twajua kwamba mwenye kudhamini ni mwenye kulipa. Msomee rafiki yako karatasi nzima kabla hajaishika kalamu.

Neno langu la mwisho ni kwa sisi tunaoitwa masheikh na maimamu. Tumekuwa tukitembea na mihuri mifukoni kama wachuuzi. Mmoja hurudisha nyuma tarehe ya nikahi, mwengine huandika mashahidi ambao hawakuwapo, wa tatu huandika kwamba awajua asiowajua, kama nilivyofanya. Kisha Ijumaa twapanda mimbari tukawaambia watu wasiseme uwongo! Siku afisa atakapokuwa hana imani tena na muhuri wa msikiti, atakayeumia si yule mwongo, maana yeye atatafuta hila nyengine. Ni binti mkweli ambaye hana kitu ila cheti chetu. Heshima ya ule muhuri ni amana ya wote watakaokuja baada yetu.

Hadithi iliyotangulizwa katika Sahihi Bukhari, aliyoipokea Sayyidna Umar, yasema kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Wengi twaihifadhi mwanzo wake na twausahau mwisho: humo Mtume amemtaja mwenye kuhama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, na mwenye kuhama kwa dunia aipate au mwanamke amuoe, na kwamba kila mmoja hijra yake ni kwa kile alichohamia. Si dhambi kuhama kumfuata mume, wala si dhambi kutafuta riziki. Lakini katika maneno hayo, kuhama na kuoa vimewekwa pamoja katika mizani ya nia, kana kwamba twaambiwa kwamba hapo ndipo mtu ajidanganyapo upesi.

Kijana wetu alirudi kwangu wiki iliyofuata nami nikamjibu haya. Nikamwambia: mwandikeni mke wa kwanza kwa jina lake, na mtoto kwa jina lake, nendeni kwa Kadhi mkaithibitishe talaka na tarehe yake, na likitatiza jambo la tarehe, muulizeni wakili anayeijua sheria ya uhamiaji, wala si dalali wa barazani. Akasema: "Itachelewa, Sheikh." Nikamwambia: "Naam, itachelewa." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mimi nitawaandikia barua. Nikasema nitawaandikia, kwamba nimemjua yeye tangu udogo wake, na nduguye nimemjua kwa kumsikia tu, na mke simjui.

Akacheka, akasema hiyo ni barua fupi. Nikamwambia ni fupi, lakini naweza kuisoma mbele ya Mungu.

Namuomba Mwenyezi Mungu atupe ukweli wa ndimi na kalamu, azikutanishe nyumba zilizotengana katika halali, na anisamehe nilililoandika siku ile. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.